Mama Romana na maharagi ya greve

Kuko fasi moja mu sinema ya Brazili yenye tungependa kila nyumba ya mufanyakazi wa mugodi iione. Ni usiku. Bwana na bibi wako ku meza. Rafiki yao wa sindika amekufa kwa risasi ya polisi wakati wa greve. Mama anamwanga maharagi ku meza, anaanza kuyachagua: mazuri huku, mabaya na majiwe kule. Baba anakaa karibu naye, anachagua pamoja naye. Hawasemi neno. Ni mikono tu na maharagi, na huzuni yenye kujaa nyumba.

Ile sinema inaitwa Eles Não Usam Black-Tie, ni kusema: wao hawavaaki manguo ya sherehe. Ilitoka mu 1981, na mwaka uleule ikapata zawadi ya pekee ya majaji ku Venice, mu Italia. Mama wa maharagi anaitwa Romana. Mwenye alimucheza mu sinema ni Fernanda Montenegro, mwanamuke mwenye Wabrazili wengi wanasema ni mukubwa kuliko wacheza wote wa inchi yao. Lakini miaka 23 mbele ya sinema, Romana alikuwa amekwisha kuzaliwa ku teatre, na mwenye alimuzaa pale ni mama mwingine: Lélia Abramo. Juu ya ule mama njo tunaandika leo, sababu alikuwa mucheza teatre na vilevile mukubwa wa sindika.

Tunajua wamoja watacheka. Watasema: bei ya unga inapanda, kontra za sutretansi zinaisha mbele mutu hajazoea mashini, na ninyi wa sindika munatuletea mambo ya wacheza sinema! Muvumilie kidogo. Mangaribi, mu manyumba yetu, bamama na batoto wanaangaliaka feyeto za Brazili zenye kusemwa Kifaransa. Bwana anarudia na vumbi ku uso, anauliza juu ya nini bukari haijaiva. Sisi wanaume tunaona zile feyeto sawa mambo ya bure, mambo ya watajiri wenye kulia mu manyumba mazuri. Lakini nyuma ya ile picha kuko wafanyakazi: wenye walifanya kazi bila kontra, wenye walifungwa, wenye waliteswa. Na wengi kati ya wale wenye walipigana ni wanamuke.

Alianza na miaka 47

Lélia Abramo alizaliwa São Paulo tarehe 8 Februari 1911, mu jamaa ya Waitalia wenye walihamia Brazili. Ilikuwa nyumba ya vitabu na ya siasa. Kaka yake Fúlvio alikuwa mupiganaji wa wafanyakazi. Lívio akakuwa fundi mukubwa wa kuchonga picha. Cláudio akakuwa mwandishi wa habari mwenye kujulikana inchi muzima.

Tarehe 7 Oktoba 1934, wafashisti wa Brazili, wenye walivaaka shati ya kijani, walitaka kufanya mukutano mukubwa ku kiwanja cha Sé, katikati ya São Paulo. Wafanyakazi wa vyama mbalimbali, wenye siku zingine walikuwa wanagombana wao kwa wao, waliungana juu ya kuwazuia. Risasi zikapigwa, watu wakakufa. Lélia alikuwa pale, binti wa miaka 23.

Kisha alienda Italia, na vita kubwa ya dunia ikamukuta kule. Alirudia Brazili mu 1950. Alicheza teatre ya kujitolea pamoja na Waitalia wa muji, bila mushahara. Ni mu 1958 tu, akiwa na miaka 47, njo alipanda ku teatre kwa kazi ya kulipwa. Miaka 47! Kwetu, mwanamuke wa ile miaka tunamuambiaka: kaa sasa, nkambo, ulinde wajukuu. Yeye njo alianza.

Teatre yenye ilimupokea ilikuwa ndogo, iliitwa Arena. Feza ilikuwa imekwisha na milango ilikuwa karibu kufungwa. Kijana mumoja wa miaka 23, Gianfrancesco Guarnieri, alikuwa ameandika muchezo juu ya familia ya wafanyakazi wenye kukaa ku kilima cha wamasikini mu Rio de Janeiro. Watu walikuja mingi sana kuuangalia, na teatre ikapona. Mbele ya pale, ku teatre kubwa za Brazili, mufanyakazi alikuwa mutu wa kupanga meza na kuondoka. Mu ule muchezo, nyumba yake njo ilikuwa katikati.

Greve inaingia mu nyumba

Habari yenyewe, kila kambi yetu inaijua. Baba, Otávio, ni mufanyakazi muzee wa kiwanda, muongozi wa greve, amekwisha kufungwa juu ya siasa. Mutoto wake Tião anafanya kazi mu kiwanda kilekile. Tião anapenda binti mumoja, Maria, na Maria ana mimba. Greve inaitwa. Tião anahesabu: nikipoteza kazi, mutoto atakula nini? Anaingia ku kazi wakati wenzake wako inje.

Greve inashinda. Lakini mu nyumba hakuna mwenye kucheka. Baba anamufukuza mutoto wake. Maria, hata na mimba yake, anakataa kumufuata. Anabakia ku kilima, pamoja na watu wake. Na katikati ya wote iko Romana. Hana cheo mu sindika, hakuna mutu mwenye alimuuliza kama greve ifanyike ao hapana. Lakini yeye njo anajua kama sukari iko, yeye njo anasikia kilio cha bwana na cha mutoto kwa siku moja.

Sisi wa sindika tuna mazoea ya kuita mutu kama Tião musaliti, na kumaliza pale. Ule muchezo hautuachi tumalize. Tião hakuuza wenzake juu ya feza, aliogopa. Nani alizungumuza naye mbele ya greve? Nani alimuonyesha kama kuko mufuko wa kusaidia nyumba yenye mimba? Hakuna. Walimuhesabia kuwa pamoja nao sababu ni mutoto wa delege. Tumeona mambo kama ile kwetu, zaidi ya mara moja. Siku ya tatu ya greve, ya ine, vijana wenye kontra fupi wanaanza kurudia kimya-kimya, na sisi tunatukana. Lakini mara nyingi tulikuwa hatujaenda hata siku moja kukaa mu nyumba zao.

Sheria ya wasanii

Zamani kazi ya teatre haikukuwa kazi ya heshima kwa mwanamuke. Wacheza wazee wa Brazili wanaelezaka kama wakati ule walipaswa kupata mukanda wa polisi juu ya kucheza, ku biro moja na wanamuke wenye kuuza mwili. Hakukuwa saa ya kumaliza, na mara nyingi hakukuwa kontra.

Mambo yalibadilika katikati ya utawala wa maaskari wenye ulianza mu 1964 na kuisha mu 1985. Tarehe 24 Mei 1978, kisha miaka ya kudai, sheria namba 6.533 ilitoka. Tunaomba madelege wetu wasome vizuri vitu vyenye iko ndani. Kontra inapaswa kuwa ya kuandikwa. Ku sinema yenye kuchezwa mu studio, kazi ya mucheza ni masaa 6 kwa siku. Hawezi kulazimishwa auze haki zake zote siku ya kuweka sinye: kila mara picha yake inaonyeshwa tena, haki yake inapaswa kulipwa. Na kuko kifungu kimoja chenye kilitugusa: mutoto wa musanii mwenye kuhamahama juu ya kazi ana haki ya kupokelewa mu masomo ya serikali kwenye wazazi wamefika. Ni nani kati yetu mwenye hakuhamisha batoto katikati ya mwaka wa masomo, sababu kazi ilimutoa Likasi na kumupeleka Kolwezi?

Mu ule mwaka wa 1978 Lélia Abramo akakuwa prezida wa sindika ya wasanii na mafundi wa teatre na televizyo wa São Paulo. Alikuwa na miaka 67. Kila delege anajua ile maana yake: mutu mwenye anasimama mbele ya wote njo mwenye patroni anamuangalia wa kwanza.

Haikukuwa mambo ya wasanii peke yao. Tarehe 12 Mei 1978, siku 12 mbele ya ile sheria, wafanyakazi wa Saab-Scania ku São Bernardo, karibu na São Paulo, walifika ku kazi, wakasimama mbele ya mashini, na hawakuziwasha. Greve ikaenea kiwanda kwa kiwanda. Mu 1980 wafanyakazi wa vyuma walifanya greve ya siku 41; mukubwa wao, Lula, akafungwa. Wasanii hawakubakia kuangalia: walipanda ku jukwaa juu ya kukusanya feza ya mifuko ya greve. Na wakati Partido dos Trabalhadores, chama cha wafanyakazi, kilizaliwa São Paulo tarehe 10 Februari 1980, kati ya watu wa kwanza wenye waliweka sinye kulikuwa Lélia Abramo. Romana wa teatre alikuwa ametoka ku jukwaa na kuingia mu mambo ya kweli. Lélia alikufa Aprili 2004, na miaka 93.

Mwanamuke mwenye aliandika mambo ya wachimbaji

Tusifikiri Lélia alikuwa peke yake. Zile feyeto zenyewe, zenye zinazunguka dunia, zilijengwa sana na mukono wa mwanamuke: Janete Clair. Alizaliwa mu 1925 mu jimbo la Minas Gerais, jina lake maana yake ni migodi ya namna nyingi. Alianza ku radio, sauti tu, kisha akakuwa mwandishi. Mu 1970 aliandika Irmãos Coragem. Mucheza mukubwa ni mwanaume mwenye kuchimba diama kwa mukono, João Coragem. Anapata jiwe kubwa. Lakini mu ule muji kuko mukubwa mumoja, Pedro Barros, mwenye anashika ununuzi wote wa diama, na polisi iko chini yake. Jiwe linaibiwa.

Ndugu zetu wa kariere, munaona kama ule mama alijua mambo yenu? Mutu mwenye anachimba haogopi shimo tu. Anaogopa mwenye kupima, mwenye kununua, na mwenye kufunga barabara. Wanaume wa Brazili, wenye walisema feyeto ni mambo ya wanamuke, walianza kukaa ku kiti juu ya kuangalia ile. Janete Clair aliandika mupaka alikufa mu 1983. Na Pai Herói, yenye aliandika mu 1979, njo Lélia Abramo alicheza ndani.

Mutoto wa mama mufua-nguo

Haifae tuseme mazuri tu. Kwa miaka mingi, mwanamuke mweusi mu televizyo ya Brazili alipewa kazi moja: kubeba sahani ya kahawa, kusema «ndiyo, mama», na kuondoka. Na Brazili ni inchi yenye ilipokea watumwa wengi kuliko inchi zote za Amerika, wengi wao wakitoka huku kwetu, Kongo na Angola. Iliacha utumwa mu 1888 tu.

Ruth de Souza alizaliwa Rio mu 1921, mama yake alikuwa mufua-nguo. Mutoto alipenda sinema, na watu walimucheka: wapi uliona mucheza mweusi? Tarehe 8 Mei 1945 alipanda ku jukwaa la teatre kubwa ya muji wa Rio, pamoja na kikundi cha teatre ya weusi chenye Abdias do Nascimento alianzisha. Mu 1954 jina lake lilikuwa kati ya wale wenye walishindania zawadi ya mucheza muzuri wa kike ku Venice, juu ya sinema Sinhá Moça. Alicheza mupaka uzee, akakufa mu 2019.

Kisha yake alikuja Zezé Motta. Mu 1976 alicheza Xica da Silva, habari ya mwanamuke mutumwa mwenye aliishi kweli mu miaka ya 1700, mu inchi ya diama ya Minas Gerais, akapata uhuru na utajiri kwa kuishi na mwenye alikuwa na kontra ya mufalme ya kuchimba diama. Ile sinema ilimupa jina kubwa, lakini kazi zenye zilifuata zilikuwa tena za utumishi. Wenye televizyo walisema: wacheza weusi hawako wengi. Basi mu 1984 Zezé alianzisha kituo cha kuandika majina na picha za wasanii weusi wote, juu ya mutu asiseme tena hakuwaona. Ile ni akili ya sindika: mukifanya liste, patroni anakosa uongo. Mu 1996, feyeto yenye jina lilelile la Xica da Silva ilichezwa na binti wa miaka 17, Taís Araújo, mwanamuke mweusi mwenye alikuwa mucheza mukubwa mu ile feyeto.

Sauti yenye haikufa

Turudie ku ile sinema ya 1981. Maria, binti mwenye mimba, alichezwa na Bete Mendes. Miaka 11 mbele, mu 1970, maaskari walikuwa wamemufunga na kumutesa. Mu 1982 watu wa São Paulo walimuchagua kuwa depite. Agosti 1985, utawala wa maaskari ukiwa umekwisha, alisafiri Uruguay pamoja na prezida Sarney. Kule, ku ambasade ya Brazili, alikutana na koloneli mwenye alimutesa, akiwa amevaa vizuri, anasalimia watu. Bete hakunyamaza. Aliandika barua kwa prezida, na inchi muzima ikajua jina la ule mutu.

Na Fernanda Montenegro, Romana wa maharagi? Mu 1985 serikali ilimuomba akuwe minisitiri wa utamaduni. Alikataa, akabakia ku teatre. Mu 1999 alikuwa Mubrazili wa kwanza wa kike mwenye jina lake lilishindania Oskari ya mucheza mukubwa, juu ya Central do Brasil: mama muzee mwenye kuandikia watu wasiojua kusoma barua zao, ku gare ya Rio. Miaka 26 kisha, binti yake Fernanda Torres alishindania zawadi ileile juu ya Ainda Estou Aqui, na ile sinema ikaletea Brazili Oskari ya kwanza ya sinema ya inchi za inje, mu Machi 2025.

Ni habari ya kweli ya Eunice Paiva, mama wa batoto watano. Mu Januari 1971 maaskari walichukua bwana yake, na hakurudia tena. Hakuna mwili, hakuna kaburi, hakuna mukanda. Eunice alirudia ku masomo, akakuwa avoka, na mu 1996 tu, kisha miaka 25, njo alipata mukanda wa kifo wa bwana yake. Kwetu kuko bamama wenye bwana yao alifunikwa na udongo mu kariere, wenye hawakuzika mutu na hawana mukanda. Bila mukanda, hakuna haki ya mujane, hakuna ya yatima. Ule mama wa Brazili anatuambia: mukanda wa marehemu unadaiwa sawa mushahara.

Na kwetu?

Hatusemi kama kwetu hakukuwa kitu. Katanga inajua bei ya greve tangu Desemba 1941, wakati maaskari wa wakoloni walipiga risasi wafanyakazi ku Elisabethville, wenye walidai mushahara. Na tuko na teatre yetu: kikundi cha Mufwankolo kilicheza mu Kiswahili chetu, cha kambi na cha kazi, na watu walicheka huku wakijiona. Kwa hiyo haiko kitu cha kuiga inje. Ni kitu cha kushika tena.

Tunaomba mambo tatu. Moja: mukutano wa kuamua greve usifanywe bila bamama. Wao njo wanajua nyumba itasimama siku ngapi, na ile hesabu ni kubwa kuliko hotuba zetu. Mbili: mufuko wa greve uanze wakati kazi iko, franga kidogo kila mwezi, na kitabu cha mufuko kishikwe na mama mumoja na delege mumoja, wote wawili kuweka sinye. Tatu: vijana na binti wenye kucheza teatre mu makambi wapewe sale ya sindika bila kulipa, na wacheze mambo yetu: kontra fupi, vumbi mu mapafu, ule mwenye alirudia ku kazi wakati wenzake wako inje.

Wamoja kati yetu wamekwisha kusema kama bamama wataingiza woga mu mukutano. Tunawajibu: woga uko tayari mu nyumba, hata musipoualika. Ni vizuri ukae ku meza, tuuone, tuuhesabu. Romana alikuwa anaogopa. Hata vile alikaa, akavuta maharagi karibu naye, akaanza kuchagua.